Simu ya Katekista na Daftari la Ubatizo: Jinsi Mfumo wa Kompyuta Unavyozaa Michakato kwa Gharama Ndogo

Wakati wa likizo, tukiwa katika kazi za kichungaji kwenye kigango kimoja hapa Mara, katekista alitufuata baada ya Misa akiwa na simu mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo, mafrateri."

"Milele amina, mwalimu."

Akatueleza yaliyompata. Alikuwa akiandika kwenye simu orodha ya michango ya jumuiya, kaya baada ya kaya. Katikati ya kazi akapigiwa simu. Akaipokea, kisha akafungua ujumbe wa pesa ili athibitishe kiasi kilichotumwa, kisha akatazama picha za karatasi ya zamani ya michango. Aliporudi kwenye orodha yake akakuta ukurasa mtupu. Kaya zaidi ya 30 hazikuwepo.

Fundi mmoja alimwambia simu imechoka, anunue nyingine. Kijana wa jirani akamshauri awe anafunga programu zote kila amalizapo kazi, tena aweke programu ya kusafisha simu. Kwa upande wa kununua, ingebidi aombe kwenye kamati ya kigango, na kamati hiyo bado inatafuta bati za kumalizia paa.

"Sasa ninunue au nisinunue?" alituuliza.

Tulimwomba atupe siku chache. Makala hii ni jibu tulilompelekea, tukiwa tumelipanua kidogo kwa ajili ya wasomaji wetu wengine wenye simu za namna hiyo. Ili kulielewa inabidi tufahamu jambo moja ambalo simu hulifanya mara nyingi kwa siku bila sisi kuliona: kuzaa michakato mipya.

Programu na mchakato

Misale ni ile ile. Lakini Jumapili saa moja asubuhi, Misa huadhimishwa Musoma mjini, nyingine Bunda, nyingine Butiama. Kitabu kimoja, Misa tatu. Pengine Musoma wamefika kwenye Injili, Bunda wako kwenye mahubiri, na Butiama ndio kwanza wanaimba Utukufu. Kila moja ina waamini wake, matoleo yake na mahali pake ilipofikia.

Ndivyo zilivyo programu na mchakato. Programu ni maagizo yaliyoandikwa na kuhifadhiwa, kama Misale ikiwa kabatini. Mchakato ni maagizo hayo yakiwa yanatekelezwa sasa. Watu wa Butiama wamelizoea neno hili kwa njia nyingine: mchakato wa Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, ulioanzia Jimbo la Musoma mwaka 2005. Taratibu za Kanisa za kumtangaza mtu mwenye heri zimeandikwa kwa ajili ya wote, lakini mchakato wa Mwalimu ni jalada lake yeye, mashahidi wake yeye, na hatua aliyofikia yeye.

Katika kompyuta au simu, kila mchakato hupewa namba yake, sehemu yake ya kumbukumbu ya muda (ile ambayo dukani huitwa RAM), orodha ya mafaili uliyoyafungua, na alama inayoonyesha umefika wapi katika maagizo. Anayegawa vitu hivi vyote ni kiini cha mfumo endeshi. Mchakato haujizai wenyewe. Huomba, na kiini ndicho kinachozaa.

Swali ni hili: kiini kifanyeje ili uzazi huo usichukue muda mrefu wala kula kumbukumbu nyingi?

Njia ya kwanza: kunakili kila kitu

Mwaka 1969, katika maabara za Bell nchini Marekani, Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao walianza kuunda mfumo ulioitwa baadaye Unix, kwenye kompyuta ndogo ya PDP-7. Walichagua njia ya ajabu kidogo ya kuzaa michakato. Badala ya kuutengeneza mchakato mpya toka mwanzo, kipande kwa kipande, mchakato uliopo unajigawa. Amri hiyo iliitwa foku, neno la Kiingereza lenye maana ya uma wa mezani na pia njia panda. Wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kuelezwa miaka michache nyuma na Melvin Conway. Ritchie aliandika baadaye kwamba kuiongeza foku katika mfumo wao kulihitaji mistari 27 tu ya maagizo ya mashine.

Mchakato mama ukitoa amri ya foku, panakuwa na michakato miwili inayofanana kwa kila kitu, na yote miwili inaendelea kuanzia mstari ule ule. Itajuaje nani ni nani? Kiini huijibu kila upande kwa jibu lake: mama huambiwa namba ya mtoto wake, na mtoto huambiwa sifuri. Kwa jibu hilo tu kila mmoja hujua ashike njia ipi.

Faida yake ni kwamba mtoto hurithi kila alichonacho mama: mafaili yaliyo wazi, mipangilio, na haki za mtumiaji. Hakuna haja ya kumpa maelezo marefu. Kama anatakiwa kufanya kazi tofauti kabisa, hutoa amri ya pili inayomaanisha "ondoa kazi ya mama, pakia programu hii mpya." Kwa amri hizi mbili, kujigawa na kubadili kazi, Unix na mifumo iliyozaliwa kutoka kwake imeishi zaidi ya miaka 50.

Lakini kuna hasara inayoonekana mara moja. Mtoto ananakiliwa kumbukumbu yote ya mama, kisha punde tu anaitupa yote ili apakie programu nyingine. Programu zilipokuwa ndogo, hasara hiyo ilivumilika. Zilipokua, haikuvumilika tena.

Parokia mama na parokia binti

Sisi tuliolelewa hapa tunajua maana ya kuzaliwa kwa kugawanyika. Mwaka 2010 Papa Benedikto wa XVI aliunda Jimbo la Bunda kwa kumega maeneo ya Musoma na Mwanza. Vivyo hivyo kigango hukua, kikafika siku ya kuitwa parokia.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaitaka kila parokia iwe na vitabu vyake: cha ubatizo, cha ndoa, cha marehemu. Je, parokia mpya huanza kwa kunakili madaftari yote ya parokia mama? La. Waliobatizwa zamani wanabaki katika daftari walimoandikwa. Parokia binti hununua daftari jipya na kuandika humo wale inaowabatiza yenyewe. Kijana akitaka kufunga ndoa katika parokia binti, naye alibatizwa kabla ya mgawanyiko, anaenda kuomba cheti kwa mama.

Tuwaze kidogo kama ingekuwa kinyume. Paroko mpya angeambiwa anakili kwa mkono kila jina, kila mzazi, kila msimamizi, tangu siku parokia mama ilipoanzishwa, kabla hajaruhusiwa kuadhimisha Misa ya kwanza. Miezi ingepita. Na majina mengi kati ya hayo asingekuja kuulizwa hata mara moja.

Kompyuta za kwanza za Unix zilikuwa katika hali hiyo ya paroko anayenakili.

Kuazima, kisha kunakili pale panapoandikwa

Jaribio moja la kuponya hasara hiyo lilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika toleo lao la Unix la mwaka 1979. Katika njia hiyo mtoto hanakiliwi chochote. Anaazima kumbukumbu yenyewe ya mama, na mama anasimamishwa, hafanyi lolote, mpaka mtoto apakie programu yake mwenyewe au amalize. Ilikuwa njia ya haraka sana, lakini ya hatari: mtoto akiandika kitu kabla ya kuondoka, ameandika katika kumbukumbu ya mama. Ni kama kumwachia mgeni kalamu na daftari la parokia, ukamwomba tu asiguse kitu.

Dawa bora zaidi ilikuwa imekwisha kutumika katika mfumo mwingine, TENEX, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ndiyo iliyoenea hata kufika katika Linux iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Tunaweza kuiita kunakili wakati wa kuandika. Inafanya kazi hivi.

Kumbukumbu ya mchakato imegawanywa katika kurasa. Katika kompyuta na simu nyingi ukurasa mmoja ni kilobaiti 4. Kila mchakato una jedwali, mfano wa faharasa, linaloonyesha ukurasa fulani uko wapi katika kumbukumbu halisi. Mama akijigawa, kiini hakinakili kurasa. Kinanakili jedwali tu, ili jedwali la mtoto lielekeze kwenye kurasa zile zile za mama. Kisha kinaweka alama kwenye kila ukurasa wa pamoja: kusoma tu, kuandika hapana. Alama hiyo inawahusu wote wawili, mama na mtoto.

Wakisoma tu, wanaendelea bila shida yoyote. Siku mmoja wao anapojaribu kuandika, kichakataji chenyewe kinagundua kwamba ukurasa umekatazwa na kukiita kiini. Kiini kinatazama, kinaona kwamba huu si ukurasa wa kosa bali ni wa pamoja, kinanakili ukurasa huo mmoja, kinampa mwandishi nakala yake, kinairuhusu iandikwe, kisha mchakato unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kurasa nyingine zote zinabaki za pamoja. Na kama mwenzake alikwisha kuondoka, hakuna hata haja ya kunakili: aliyebaki anaachiwa ukurasa uwe wake.

Tuhesabu. Mchakato wenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu una kurasa 262,144. Kwa njia ya zamani zote zingenakiliwa. Kwa njia hii kinachonakiliwa ni jedwali, na kwa kuwa kila mstari wa jedwali huchukua baiti 8, jumla ni megabaiti 2 hivi. Tofauti hiyo ni ya mara 500 na zaidi.

Mfano wetu wa madaftari una mahali unapokomea, na ni vema tupaseme. Mtu akifunga ndoa katika parokia binti, taarifa hurudishwa kwa mama na kuandikwa pembeni mwa jina lake katika daftari la ubatizo. Katika michakato hakuna taarifa ya namna hiyo. Mtoto akiandika, mama haoni, na mama akiandika, mtoto haoni. Urithi unakomea saa ya kuzaliwa.

Mama wa programu zote katika simu

Sasa turudi kwenye simu ya katekista. Simu zinazouzwa kwa wingi Musoma na Bunda, ziwe Tecno, Itel, Infinix au Samsung, hutumia Android, na kiini cha Android ni Linux. Kwa hiyo yote tuliyoyasema yamo mkononi mwake.

Programu za Android zote zinahitaji maktaba kubwa ya pamoja: namna ya kuchora vitufe, kuonyesha maandishi, kupokea mguso wa kidole. Kama kila programu ingeipakia maktaba hiyo yenyewe, tungesubiri sana kila tunapofungua kitu, na kumbukumbu ingejaa nakala za kitu kimoja. Waundaji wa Android walitumia foku. Simu inapowashwa, mchakato mmoja uitwao Zygote huanzishwa. Waliosoma baiolojia wanalijua neno hilo: zaigoti, yai lililorutubishwa ambalo kiumbe kizima hutokana nalo. Zygote hupakia maktaba hiyo ya pamoja mara moja, kisha hukaa kusubiri. Hiyo ni sababu mojawapo ya simu kuchukua muda inapowaka.

Ukigusa alama ya programu, Zygote hujigawa. Mtoto anazaliwa akiwa tayari anajua yote aliyoyapakia mama, kwa kurasa zile zile, bila kunakili. Anachofanya ni kuvaa utambulisho wake mwenyewe, maana katika Android kila programu hupewa namba yake ya mtumiaji ili isichungulie mambo ya nyingine. Kisha anapakia maagizo ya programu iliyoguswa. Programu ya masomo ya Misa, ya pesa, ya picha, zote ni watoto wa mama mmoja. Kumbukumbu inayoliwa zaidi ni ile tu ambayo kila mmoja ameiandika mwenyewe.

Kwa kuwa kuzaa ni rahisi, mfumo hauogopi pia kuua. Ukiiacha programu na kwenda nyingine, mchakato wake hauuawi papo hapo. Huwekwa pembeni, ukurudi uukute. Kumbukumbu ikipungua, mfumo huanza kuondoa iliyo pembeni, na ile iliyo mbele ya macho yako huguswa mwisho kabisa. Ukiirudia iliyoondolewa, Zygote huizaa upya.

Hapo ndipo orodha ya katekista ilipopotelea. Simu yake ina gigabaiti 2. Alipopokea simu, akafungua ujumbe, akafungua picha, mchakato wa programu ya kuandikia ulikuwa umekaa pembeni, nao ukaondolewa. Aliporudi ulizaliwa mwingine. Huyu mpya alirithi kila kitu kutoka kwa Zygote, lakini hakurithi kitu kutoka kwa yule aliyekufa. Kaya zile 30 zilikuwa katika kurasa za marehemu, hazikuwa zimehifadhiwa katika faili. Programu zilizoandikwa kwa uangalifu hujihifadhi zenyewe kabla ya kuwekwa pembeni; hiyo yake haikufanya hivyo.

Gharama ambazo hazijaisha

Tusije tukadhani njia hii haina kasoro. Jedwali lenyewe bado linanakiliwa, na kwa mchakato mkubwa sana katika kompyuta za benki au za mitandao ya simu, hata jedwali ni mzigo. Mama na mtoto wakianza kuandika kurasa nyingi kwa pamoja baada ya kugawana, nakala zinaongezeka ghafla, na kumbukumbu iliyodhaniwa kutosha inakwisha. Upande wa usalama, watoto wote wa Zygote hurithi mpangilio mmoja wa kumbukumbu, hivyo mdukuzi anayeufahamu kwa programu moja amepata fununu kuhusu nyingine katika simu hiyo.

Mwaka 2019 watafiti wanne, Andrew Baumann na wenzake, waliandika kwamba foku imepitwa na wakati na kwamba ingefaa mifumo mipya iwe na amri ya kuutaja moja kwa moja mchakato unaotakiwa, bila kujigawa kwanza. Windows imekuwa ikifanya hivyo kwa muda mrefu. Wengine wanaona unyenyekevu wa foku bado una thamani yake. Mjadala huo unaendelea, na wale kati yetu wanaosoma masomo ya kompyuta watakutana nao.

Jibu letu kwa katekista

Tulimwandikia hivi, kwa ufupi.

Mwalimu, usinunue simu kwa sababu hii. Simu yako si mgonjwa. Imefanya kazi iliyoundwa kuifanya. Kumbukumbu kubwa ingechelewesha tu kuondolewa kwa programu, isingekuhakikishia kwamba orodha haitapotea.

Usiwe na mazoea ya kufunga programu zote kila mara. Ukifunga ile utakayoihitaji baada ya dakika tano, umeulazimisha mfumo uzae na kupakia upya kile kilichokuwa tayari, na chaji inatumika bure. Mfumo unajua wenyewe lini uondoe. Funga ile tu iliyokwama.

Usiweke programu ya kusafisha. Nayo ni mchakato kama mingine, inakaa katika kumbukumbu ile ile unayotaka iachwe wazi, inaua michakato ambayo itazaliwa tena baada ya muda mfupi, na nyingi huleta matangazo na kuomba ruhusa zisizohusu kazi yake.

Unapoandika orodha, tumia programu inayohifadhi yenyewe, au bonyeza hifadhi kila umalizapo kaya chache, na lazima kabla ya kupokea simu. Mara moja moja izime simu na kuiwasha. Na siku kigango kitakapohitaji kweli simu nyingine, ulizeni kwanza ukubwa wa RAM kabla ya ukubwa wa kamera.

Siku chache baadaye alitupigia. Alikuwa amezunguka tena kwenye kaya zile, safari hii akiwa na daftari la karatasi mkononi, na jioni akayaingiza majina kwenye simu, akihifadhi kila baada ya kaya tano. Kamati haikuombwa fedha ya simu. Bati bado zinatafutwa.